Jerikani Iliyokataa Kusimama

Mjinga wa siku ile alikuwa Ntare, na tukubaliane hilo mapema tusije tukasumbuana mbele. Hakuwa Karangwa mwenye kiwanda, ingawa Karangwa ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Wala hakuwa Claudette wa soko la Nyabugogo, aliyerudisha shehena nzima bila hata kuinuka kwenye kiti chake. Alikuwa Ntare, mbunifu wa bidhaa, mtu mwenye cheti ukutani na miwani ya kufikiria nayo, aliyeubunia mji wa milima jerikani ya maji na akaisahau milima.

Lakini tusimcheke kabla hatujamjua. Kwa miaka mingi Ntare alikuwa amebuni vitu ambavyo hakuna mtu anayejua kuwa vimebuniwa: mdomo wa beseni uliokunjwa usikate vidole, mguu wa kiti cha plastiki cha baa, kisahani cha sabuni cha hoteli moja ya Kiyovu. Nani hukalia kiti akauliza baba yake kiti ni nani? Vyote vilitoka na jina la kiwanda mgongoni, vikaenda zao. Naye alikuwa ameingia umri ule ambao mtu huanza kuota kwamba amekufa, na juu ya kaburi wameweka beseni.

Ndipo akaipata jerikani. Ile ya njano kila mtu anaijua: iliingia nyumbani na mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha, yenyewe ikabaki kuchota maji mpaka leo. Mdomo wake mwembamba, mkono hauingii, ndani inaota ukijani na hakuna wa kuusugua. Ntare akasema atatengeneza yenye mdomo mpana, inayooshwa kama sufuria. Hapo alikuwa na akili kabisa. Kisha akataka iwe nzuri pia. Akaiga umbo la icyansi, chombo kile cha mti cha maziwa: tumbo limejaa, shingo imetulia, chini kumebana kama kiuno cha bibi harusi. Sasa icyansi hukaa ndani ya nyumba, juu ya jukwaa lake, mahali palipotulia. Hakuna aliyewahi kuipeleka bombani. Na Ntare alikulia Tabora, ambako ukiweka kitu chini kinakaa hapo hapo mpaka utakapokirudia.

Pale ofisini, juu ya meza ya kioo, jerikani ilisimama kama malkia. Karangwa aliizunguka, akaigusa shingo, akapiga makofi. Akaagiza kalibu kutoka ng'ambo, lile dude la chuma zito kuliko gari linaloipa plastiki umbo lake. Likaja, likafungwa kwenye mashine, shehena ya kwanza ikatoka ingali na joto, na kwa mara ya kwanza kiwandani wafanyakazi walimwita Ntare mzee.

Asubuhi ya siku ya ujinga, Claudette aliwaita Ntare na Karangwa waende Nyabugogo. Claudette huuza vyombo vya plastiki kwa jumla, na sauti yake huvuka kelele za mabasi bila kipaza sauti. Jerikani zilikuwa zimerundikwa mbele ya duka lake, zote zimelala.

"Mzee Karangwa," alisema, "hii kitu yako iko muzuri. Muzuri sana. Lakini haina matako."

"Haina nini?"

"Matako, mzee! Ukiweka chini na maji yake, inalala. Wateja wangu wananiuliza nimeinywesha nini."

Wapagazi waliangua kicheko. Mmoja aliisimamisha jerikani, akaipigia saluti, ikaanguka. Ntare alijikohoza na kusema kwamba kifaa kipya kinahitaji kuzoeleka. Claudette alimtazama kwa huruma, jambo lililouma kuliko kile kicheko, akaagiza mzigo upakiwe urudi ulikotoka.

Ndani ya gari, walipoupita mzunguko wa barabara, Karangwa alimgeukia.

"Bwana Ntare. Uliniambia watu walishaijaribu."

"Walijaribu, mzee. Kule Kagugu, nyumba nyingi tu. Hakuna hata mmoja aliyeikosoa."

"Basi nionyeshe nyumba moja. Moja tu inayochotea maji kwa hii, nami nitapambana na Nyabugogo nzima. Nisipoiona, kalibu nitaliuza kama chuma chakavu, na wewe sitakuwa na kazi ya kukupa."

Ntare nusura acheke kwa raha. Nyumba moja? Yeye alikuwa na kwaya nzima! Akamwelekeza dereva aende mtaa wa Kagugu, kwa Mama Illuminée.

Mama Illuminée alikuwa mama mkwe wake, na hapo ndipo ujinga ulipokuwa umelala siku zote, umejifunika shuka. Jerikani za majaribio Ntare alikuwa amempelekea yeye, mwalimu mkuu mstaafu aliyerudi kutoka Karagwe na Kiswahili chake cha ubaoni, pamoja na akina mama wa kwaya waliokuwa wakifanyia mazoezi nyumbani kwake. Kila alipokwenda kuuliza maendeleo, alikalishwa kwenye kiti kikubwa, akaletewa chai ya maziwa na andazi juu ya kitambaa. Mnaionaje? Nzuri sana, mkwe wetu. Ina shida yoyote? Shida gani tena, mkwe wetu, kunywa chai. Akirudi ofisini huyaingiza majibu kwenye kompyuta, kompyuta ikachora mstari, mstari ukapanda. Aliuonyesha mstari ule kwa kila mtu. Katika nchi hii mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba mkwe hakosolewi usoni, lakini Ntare alikuwa na mstari.

"Mkwe wangu!" Mama Illuminée aliwapokea mlangoni. "Unaniletea mgeni bila kunitaarifu, nitawapa nini?"

"Usihangaike, Mama. Mzee anataka kuona jerikani tu."

Uso wa mama ulibadilika kidogo, kisha ukarudi mahali pake. Aliwakaribisha sebuleni. Karangwa ndiye aliyeiona kwanza. Ilikuwa pembeni ya televisheni, juu ya vigae vya sakafu isiyo na mteremko, imevalishwa kitambaa cha kufuma, na kutoka mdomo wake mpana yalichomoza maua ya plastiki.

"Hii ni ya mapambo," Ntare alisema haraka. "Mama, ile ya maji iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Baba Ganza," mama alijibu, akimwita kwa jina la mjukuu wake. "Zawadi ya mkwe, niipeleke bombani ikakwaruzwe na mawe?"

"Na za wenzako wa kwaya?"

"Wameziweka vizuri. Yupo anayetilia maharage. Mwingine anatilia mkaa."

Karangwa aliomba ruhusa kwa adabu zote. Aliyatoa maua, akampa mama mwenyewe, akaibeba jerikani mpaka uani. Akaijaza bombani, akakaza kifuniko, akaiweka chini. Ua ule haukuwa na mlima wa kutisha, ulikuwa na mteremko wa kawaida, kama kila ua wa Kagugu. Jerikani ilisimama kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha ikainama, ikalala, kifuniko kikaruka, maji yakatangulia na yenyewe ikayafuata, ikabingirika katikati ya kabichi mpaka ukutani kwa jirani. Kando ya bomba zile za njano zilikuwa zimesimama wima na maji yake, chafu, zimezibwa midomo kwa viazi.

Hakuna aliyecheka. Ntare aliomba moyoni mtu acheke.

"Tunaweza kupanua kitako, mzee," alisema. "Nipe wiki chache. Tunakata kalibu kidogo chini, basi."

"Chini ndiko zinakopita njia za maji ya kupooza chuma. Ukikata pale, kalibu limekufa. Aliyenifundisha hayo ni wewe." Karangwa alikuwa akijifuta viatu kwa leso. Hakuonyesha hasira, na Ntare aliitafuta hasira ile usoni mwake kama mtu anayetafuta mlango gizani. "Kesho wenye chuma chakavu watakuja kulichukua."

"Na mimi? Si nirudi kwenye mabeseni?"

"Midomo ya beseni hata fundi wa mashine anaichora, Bwana Ntare."

Akamshukuru mama kwa ukarimu wake, akaomba radhi kwa kuikataa chai, akaondoka na gari.

Ntare alibaki ameukodolea macho ule ukuta wa jirani. Kalibu lile angelijua hata akipofuka, kila mkunjo. Lingeyeyushwa liwe nondo, nondo zimezwe na zege la ghorofa la mtu, na hapo kisingebaki hata kitu cha aibu cha watu kukionyesha kidole na kusema ni cha Ntare. Akarudi sebuleni na miguu yenye matope, jambo ambalo mkwe hafanyi. Mama Illuminée alikuwa bado amesimama na maua mkononi.

"Mlijua," Ntare alisema.

"Tangu siku ya kwanza. Yule mama anayeimba sauti ya tatu ilimmwagikia miguuni akiwa amevaa tayari kwenda ibadani."

"Siku ya kwanza! Na mkaendelea kunimiminia chai na kuniambia nzuri sana?"

"Ni nzuri. Hata sasa, kwa macho, ni nzuri."

"Neno moja, Mama! Neno moja kabla chuma hakijakatwa, ningepanua kitako alasiri moja nikamaliza. Sasa sina kazi, na hakuna kiwanda kitakachonipa hata mswaki nichore. Nimezikwa na adabu zenu!"

"Teremsha sauti, baba. Jirani yupo."

"Asikie! Asikie kwamba mlinidanganya, kwaya nzima, kwa sauti zote nne!"

Tangu amwoe mkewe Kaliza, Ntare hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti, na mama naye hakuwahi kumjibu. Safari hii mama hakukwepesha macho.

"Umemuoa binti yangu," alisema. "Umekaa kwenye kiti kile, umetuwekea zawadi mbele ya wenzangu wote, ukauliza tunaionaje. Ulitaka nikuvue nguo mbele yao, kwenye nyumba aliyotokea mke wako?"

"Sikuja kama mkwe! Nilikuja kama mtaalamu, nikifanya utafiti!"

Mama Illuminée aliyalaza maua juu ya televisheni.

"Mtaalamu, Baba Ganza, angekwenda kuuliza kwenye nyumba ambayo wangeweza kumfukuza."