Shikamoo ya Mlangoni

Katika kiwanda cha kushona sare, Mama Pasi na wifi yake, Bi Sindano, walikuwa hawaamkiani. Si kwamba walichukiana. Kila mmoja alidai ndiye mkubwa, basi akawa anangoja shikamoo yake. Wazee waliojua nani alitangulia kuzaliwa walishatangulia mbele ya haki.

Ndipo tajiri wao alipofunga mtambo mlangoni: jicho la kioo lililomtazama kila aingiaye, likamkadiria umri na kumsalimu ipasavyo.

"Dude halikulelewa na mtu, litajuaje adabu?" Mama Pasi alibeza. Akaingia.

"Shikamoo, mama," mtambo ukasema.

Bi Sindano akafuata nyuma, mtambo ukamlaki:

"Mambo, dada!"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Mama Pasi akainua mikono juu. "Mungu hamfichi mja wake! Wifi, umesikia? Mtambo haukosei. Lete haki yangu."

"Shikamoo." Bi Sindano aliitema kama mbegu ya limau.

"Marahaba, mwanangu!"

Tangu hapo, aliyeutilia shaka mtambo alikuwa na ugomvi na Mama Pasi. Hata katika sala ya asubuhi aliuombea usiharibike.

Lakini mafundi wakaanza kumtania Bi Sindano: "Dada, mbona unarudi usichanani? Unakula nini?" Mama Pasi yeye alipishwa kiti na kuulizwa hali ya magoti. Wivu ukamshika.

Jumatatu akaja uso unang'aa mafuta, kilemba cha rangi kichwani, tabasamu mpaka masikioni.

"Mambo, dada!"

"Jamani, mmesikia?" Akapiga kigelegele. "Si niliwaambia haukosei?"

Bi Sindano alikuwa nyuma yake. Akakunja uso mpaka macho yakapotea, akainama, akaja akiburuta mguu.

"Shikamoo, mama," mtambo ukamwamkia.

Mafundi wakaacha kushona, wakageuka kutazama.

"Haukosei, eti?" Bi Sindano akanyoosha mgongo taratibu. "Haya wifi, nasubiri."

Mama Pasi akautazama mtambo, akamtazama wifi yake. Akiukana, usichana wake unakwenda na maji. Akiukubali, ukubwa ndio huo umehama.

"Shika..." akaanza.

"Enhee!"

"Shika mkoba wangu, wifi. Natoka kidogo, niingie tena."