Chetezo Chini ya Tundu la Hewa

Ghanima hakutaka mafundi waguse mifereji ya hewa ya nyumba yake, na sababu hasa aliijua peke yake. Kwa wengine alitoa sababu za bei rahisi. Alisema vumbi litamwagikia mazulia. Alisema mafundi wa siku hizi wanabomoa kuliko wanavyotengeneza, na kwamba marehemu mumewe aliisafishisha mifereji hiyohiyo alipokuwa hai, naye hakuwa mtu wa kukubali kazi ya kulipua. Mwanawe Mishari alimsikiliza mpaka mwisho, akambusu kichwani, kisha akatoka nje kumpigia fundi simu.

Kisa chenyewe kilikuwa kikohozi cha Rim. Mtoto huyo, mdogo kuliko wote nyumbani na kipenzi cha bibi yake asiyejua hata kulificha hilo, alianza kukohoa msimu wa tufani za vumbi ulipoingia. Kilikuwa kikohozi kikavu, kinachomshika akishalala na kuamsha nyumba nzima. Daktari alimpima, akasema kifua kimebana na kwamba huenda kuna kitu ndani ya nyumba kinachomdhuru. Dalal, mkewe Mishari, ni mwanamke mpole ambaye harudii jambo mara mbili. Alisema mara moja tu: mifereji isafishwe, na kikohozi kisipokoma, yeye na mume na watoto watahamia ile fleti ya kaka yake kule Salmiya, ambayo imekwisha pakwa rangi na haina mtu. Siku ya pili yake makatoni yakaletwa, yakapangwa ukutani kwenye ukumbi wa juu, bado matupu. Ghanima akawa akiyapita bila kuyatazama.

Hakugombana na mkwewe. Angegombana na nani, na mtoto anakohoa? Lakini alipoongea na dada yake Wadha kwenye simu alimwambia kwamba nyumba kubwa isiyo na watoto ni ghala, na kwamba yeye hakuolewa hapa mtaa wa Rumaithiya aje kuwa mlinzi wa ghala. Akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Sasa hiyo sababu aliyoijua peke yake. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi jioni, Ghanima alikuwa akiwasha kaa, analiweka ndani ya chetezo, juu yake kipande cha udi, kisha anakipandisha chetezo juu ya kigoda chini ya tundu kubwa la ukumbini, pale kiyoyozi kinapovutia hewa. Kiyoyozi kikishaumeza moshi, kinaugawa chumba hadi chumba, na ikifika Ijumaa mchana, wageni wakija kula, hata mapazia yananukia. Mtu hasumbuki kupanda ngazi. Wanawake wa umri wake walifundishana ujanja huo kwa kunong'onezana, na kila mmoja anadhani aliugundua yeye.

Rim alipoanza kukohoa, Ghanima aliacha. Aliacha kimyakimya, akakisukuma chetezo nyuma ya sufuria kubwa kabatini, na kwa kuwa aliogopa kuulizwa, akaacha hata kukizungusha kwa wageni. Hapo alijiletea balaa jingine. Kuwait, mwenye nyumba akishatoa chetezo, kila mgeni anajifukiza shela na mikono, anashukuru, anaondoka. Hakuna anayekaa tena baada ya udi. Bila udi, Wadha alikuwa akikaa kila Ijumaa mpaka chai ya usiku, akiwasema watu wa mitaa yote mpaka anaishiwa na watu.

Na kikohozi hakikukoma. Kilizidi. Dalal, maskini, alifanya kila alichoagizwa na daktari: alifua mashuka ya mtoto kila siku, akafua mapazia, akafua hata wanasesere wa manyoya, na kwa kuwa hakuna mwenye akili anayeanika nguo juu ya paa msimu wa vumbi, mashine ya kukaushia ilikuwa ikinguruma kila jioni watoto wakishalala. Ghanima akaanza kujihukumu. Moshi wa miaka yote hiyo, alijiambia, umeganda ndani ya mifereji, na sasa unamrudia mjukuu wangu. Fundi akipanda tu, atauona. Dalal atajua, na makatoni yatajaa siku hiyohiyo.

Fundi alifika Jumatatu asubuhi. Aliitwa Sabri, Mmisri wa Mansura, mtu mnene na mcheshi aliyevaa suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Alikuja na vijana wawili wa kazi na mashine ya kunyonya vumbi iliyojaza mlango wa mbele. Waliziba matundu ya vyumbani kwa plastiki, wakatandika mazulia nguo kuukuu, wakaunga bomba nene kwenye mfereji mkuu. Ghanima alikaa kwenye kiti cha ukumbini, tasbihi mkononi, roho juu. Dalal alisimama mlangoni amekunja mikono.

Sabri akafungua wavu wa lile tundu kubwa. Akaingiza kitambaa cheupe, akasugua, akakitoa. Kilikuwa cheusi tititi. Akakinusa, akafumba macho.

"Mama Mishari, huu si udi wa dukani," akasema. "Huu ni wa Kambodia."

"Wa India," Ghanima akajibu, kwa ukali wa mtu aliyetukanwa.

Akauma ulimi, lakini neno lilikwisha toka. Uso ukamwaka moto. Alitazama tasbihi yake, akatazama zulia, akakosa pengine pa kutazama ila kwa mkwewe.

"Mama," Dalal akasema polepole, "ulikuwa unafukiza humu ndani?"

"Nilikuwa. Niliacha Rim alipoanza kukohoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeondoka siku ileile."

Dalal akakitazama kile kitambaa cheusi. Ghanima angependa afokewe, maana kufokewa kungekuwa na mwisho. Alijikaza kisabuni asilie mbele ya mafundi, na kwa mara ya kwanza tangu makatoni yaletwe aliyaona kwa macho ya moyo yakiwa yamefungwa kwa gundi, yameandikwa majina ya watoto. Sabri naye, akiona amewasha moto asioujua, alikuna kichwa na kusema kwamba masizi ya udi si dawa ya kifua, hilo asimdanganye mtu, lakini haya aliyoyaona ni makavu na membamba, yako hapa mdomoni tu, na ameona nyumba zilizo na mara tatu ya haya na watoto wa humo wanapiga mpira. Ghanima alidhani anamliwaza. Wamisri wana moyo wa huruma, na huruma haiponyi kikohozi.

Ndipo kijana mmoja akaita kutoka juu, upande wa chumba cha kufulia. Alikuwa amebandua kipande cha dari. Sabri akapanda ngazi akihema, na wote wakamfuata, Ghanima akiwa wa mwisho, ameshika ukuta. Walipofika, kitu kikubwa cha kijivu kilikuwa kimeanguka sakafuni, kilaini, kimelowa, kinanuka sabuni na uvundo. Kwanza Ghanima alidhani ni godoro. Sabri akakigeuza kwa mguu. Yalikuwa manyoya ya nguo, yale yanayotoka mashuka na taulo zikikaushwa, yameshikamana na kuota ukungu mweusi.

Sabri akachungulia darini kwa tochi.

"Bomba la mashine ya kukaushia linamwagia hapa," akasema. "Halitoki nje. Na kiyoyozi, mbali na lile tundu la ukumbini, kinavuta hewa pia kutoka humuhumu darini. Nani aliyefunga hii?"

Mishari, aliyekuwa ameingia wakati huo akitoka kazini, akasafisha koo. Akaeleza kwamba ukuta huu unaelekea barabarani. Akaeleza kwamba una jiwe la Yordani, lile la rangi ya asali, ambalo baba yake alilichagua kipande kwa kipande, na kwamba fundi wa mashine alitaka kulitoboa shimo kubwa kama sahani, la kutapika nyuzi mbele ya majirani wote. Kwa hiyo alimwambia alipeleke bomba darini. Dari ni kubwa, alidhani. Hewa itapotelea huko.

Ghanima aliwaona wote wakipiga hesabu ileile. Kila jioni mashine ilinguruma, Rim amelala. Kila alipokohoa zaidi, mama yake alifua zaidi. Kila alipofua zaidi, dari ilijaa zaidi. Dalal aliweka kiganja mdomoni, macho yakamjaa machozi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwashia mashine mwanangu kifuani," akasema.

Ghanima akamshika mkono. Ndani yake jiwe alilokuwa amelibeba tangu Rim akohoe mara ya kwanza lilidondoka, akaona aibu kufurahi wakati mwenzake analia. Lakini alifurahi. Hakuna njia nyingine ya kulisema.

"Wewe ulifua nguo, mama, kama daktari alivyosema," akamwambia. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, na jiwe lako. Majirani wasione nyuzi, mtoto azivute. Marehemu baba yako angelitoboa kwa meno."

Mishari akainama, akambusu mkono, akambusu kichwa, kisha akaenda kumwambia Sabri atoboe ukuta leo hii.

Walimaliza kazi alasiri. Brashi ndefu zilipita mfereji mmoja baada ya mwingine, masizi ya udi yakatoka, manyoya yakatoka, hata karata moja ya watoto iliyopotea zamani ikatoka. Upande wa barabara, katikati ya jiwe la rangi ya asali, kulikuwa na tundu jipya lenye kifuniko, na jioni mashine ilipowashwa hewa ya moto ilipumuliwa nje mbele ya macho ya mtaa. Rim alilala. Alikohoa kidogo usiku huo, usiku uliofuata kikapungua zaidi, halafu akaacha. Daktari alimsikiliza kifua akasema kimefunguka.

Lakini Dalal hakusema kitu kuhusu fleti, na makatoni yalikuwa bado ukutani. Ghanima hakuthubutu kuuliza. Mkwe wake ni mtu wa kusema jambo mara moja, naye alikwisha sema lake. Huenda ameshachoka na nyumba ya siri. Nani angemlaumu?

Ijumaa wageni wakaja: Wadha na binti zake, na mke wa jirani. Wali wa machbusi ukaliwa, chai ikanywewa. Alasiri ikapinda, na Wadha alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye talaka ya binamu wa mtu asiyejulikana na yeyote, Dalal aliposimama akaenda jikoni. Aliporudi, mkononi alikuwa na kile chetezo, kaa limewaka, moshi unapanda. Alikuwa amekitafuta mpaka nyuma ya sufuria kubwa. Watoto walikuwa juu, mlango wa kibarazani uko wazi, na Dalal alisimama hapo penye upepo, akawapitishia wageni mmoja mmoja. Wadha alijifukiza shela, akashusha pumzi kama mtu aliyefunguliwa minyororo, akaaga. Walikuwa wamemsubiri aondoke kwa wiki nyingi, na kumbe yeye naye alikuwa akisubiri ruhusa.

Walipobaki wawili, Ghanima akakipokea chetezo. Desturi ni desturi, na bora ajue. Alimsogelea mkwewe, akakiinua kwenye shela lake ili amfukize, kama anavyofukizwa mtu anayeanza safari.

Dalal akarudi nyuma hatua moja, akakishika kile chetezo, akakishusha taratibu.

"Hicho ni cha wanaoondoka, mama," akasema. "Mimi nakwenda kuosha vyombo."