Zaidi ya Nusu

Marlys Tvedt alikuwa karani wa mji wetu mdogo wa Brandt's Ford, huku Iowa. Kazi ya kusimamia eneo la mafuriko alipewa kwa sababu siku ya kikao cha baraza hakuwapo. Alikuwa kitandani na homa. Alipopona akakuta meya ameshamwandikisha kozi Des Moines, wiki nzima, hoteli kwa gharama ya jimbo.

"Nenda ukapumzike, wifi," Ardith akamwambia. "Ila mimi nani atanipikia?"

"Utatafuna huo mkate wako mgumu mpaka nirudi."

Ardith alikuwa dada wa Carl, marehemu mume wa Marlys. Alikaa ng'ambo ya barabara, upande wa mto, katika nyumba ya wazazi wake. Tangu Carl afariki, wanawake hao wawili walikula pamoja kila jioni, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Kozini, mkufunzi wao, mama mmoja mkali aitwaye Renata Quill, aliwafundisha kusoma ramani. Rangi ya samawati hafifu ni pale mto unapofika ukifurika. Ile iliyokoza ni njia yenyewe ya maji. Hapo hata banda la kuku hulijengi mpaka uthibitishe kwamba halitampandishia jirani maji. Kisha kila mmoja akapewa ramani ya mji wake, aipake rangi kwa kufuata vimo vya ardhi. Marlys alipaka mpaka akafika mtaani kwake. Nyumba yake ilibaki nyeupe. Ya Ardith iliingia kwenye samawati.

Siku iliyofuata ikaja sheria: nyumba iliyomo kwenye samawati ikiharibiwa zaidi ya nusu ya thamani yake, haijengwi tena kama ilivyokuwa. Inyanyuliwe juu ya kimo cha mafuriko, au iondoke.

"Anayepima uharibifu ni nani?" mtu akauliza.

"Wewe," Renata akasema. "Na watakaokuja kukulilia ni watu unaosali nao. Ukimpendelea mmoja, mji mzima unaweza kukosa bima ya mafuriko."

Jioni ile wenzake walitoka kwenda kula pamoja. Marlys alibaki chumbani, akampigia Ardith simu. Wakazungumza juu ya supu ya viazi, kama inataka krimu au haitaki. Ya ramani hakuyagusa.

Majira ya kuchipua, theluji ikiwa inayeyuka, mvua ikanyesha juu yake. Mto ukaingia kwa Ardith mpaka madirishani, naye akahamia kwa wifi yake. Maji yalipopungua, Marlys akavaa mabuti, akapita nyumba hadi nyumba akipima. Ya Ardith aliiacha mwisho. Ukuta wa msingi ulikuwa umebomoka, sakafu zimevimba, nyaya zote zimekufa. Akapiga hesabu, akairudia.

"Ngapi?" Ardith akauliza mezani.

"Sitini na kitu kwa mia, wifi."

"Basi andika arobaini na tisa."

"Siwezi."

"Unaweza. Kalamu si unayo wewe?"

"Tuinyanyue. Jimbo litasaidia."

"Na magoti yangu haya, nipande ngazi kila nikitoka kanisani, kama kuku anakwenda kulala? Carl kazaliwa nyumba ile, Marlys." Hakumwita wifi. "Ulijua lini kwamba itafika huku?"

"Tangu Des Moines."

Ardith akaisukuma sahani yake kando. "Na ukanizungumzisha habari za supu."

Wiki haikuisha, binti yake akaja kumchukua kwenda Omaha. Nyumba ikanunuliwa na jimbo, ikavunjwa, kiwanja kikapandwa nyasi. Marlys akipiga simu kila Jumapili, binti humjibu, "Mama amelala, mkaza mjomba." Kanisani, ibada ikiisha na watu wakishuka kunywa kahawa, meza aliyokaa ilikuwa kimya. Siku moja mzee Hollis Dreyer, ambaye naye nyumba yake ilipimwa, alisema kwa sauti ya kusikika, "Sogeeni, asije akapima na kiti changu." Watu wakacheka. Marlys naye akacheka, akamaliza kahawa yake, akaenda nyumbani kupika sufuria ya chakula cha kumtosha siku tatu.

Vuli ile akarudi Des Moines kwa kozi ya pili. Renata akauliza ni nani amekwishalazimika kuitumia ile sheria ya nusu. Mikono miwili tu ilinyooka: wa Marlys, na wa bwana mmoja mnene kutoka mji wa kando ya mto Missouri. Wakati wa mapumziko bwana yule akaja na vikombe viwili, akakaa karibu naye bila kuomba ruhusa.

"Wako alikuwa nani?" akauliza.

"Wifi yangu. Wako?"

"Kaka."

Wakanywa. Kahawa ilikuwa mbaya sana, na wote wawili waliinywa yote.

"Anakusemesha?" Marlys akauliza.

"Krismasi alinipitishia nyama ya paa. Hakushuka garini, ila alipunga mkono." Akageuza kikombe mkononi. "Wewe je?"

"Bado."

Bwana yule akaitika kwa kichwa. Hakumpa moyo, wala hakumshauri lolote, na Marlys alishukuru kwa hilo. Renata alipowaita ndani, Marlys alichukua mkoba wake, akahama kutoka kiti chake cha nyuma, akaenda kukaa kando ya yule bwana.