Kitanzi cha Shingoni

Alhamisi, tarehe tisa Februari. Alfajiri yalinyesha manyunyu, kisha jua likatoka kali, na nguo uani zikaanza kukauka kabla mama hajamaliza kuzianika. Mama alikuwa fundi cherehani. Asubuhi hiyo alimsimamisha kitinda mimba wake mlangoni ampime suruali ya shule, akashusha futi mpaka kifundoni, akaitazama sakafu. Kisha akasema kwamba mtoto hana kivuli.

Dada mtu alitoka ndani kuangalia. Ni kweli. Kivuli cha mama kilikuwapo, cha ndoo kilikuwapo, hata cha kuku aliyekuwa akipita na haraka zake. Miguuni pa mdogo wake palikuwa na sakafu tupu.

Dada huyo alikuwa na miaka kumi na mitano na mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hasemi mbele za watu. Mdogo wake aliitwa Bosi, kwa sababu alikuwa haambiliki.

“Umekiacha wapi?” mama aliuliza, kama anayeulizia sweta.

“Kule kwenye gemu,” Bosi alisema.

Hapo walielewa kwa nini mtoto alikuwa akitetemeka juani wiki nzima, na kwa nini mwalimu alimwandika kuwa hayupo hali yeye ameketi dawati la mbele na kuitikia jina lake.

Ukumbi wa gemu ulikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Watoto walivaa miwani mizito iliyofunika uso mpaka puani, wakajikuta katika mji wa minara na taa, wakipigana na kukimbizana huku miili yao imetulia kwenye viti vya plastiki. Bosi alikuwa amezidisha kukaa. Alisema siku moja alipovua miwani alihisi miguu imekuwa myepesi, akadhani ni njaa.

Mama alipanda ngazi kumwona meneja. Huyo alikuwa mtu mpole, shati lake limenyooshwa vizuri, na hakukana kitu. Alieleza kwamba vivuli vinavyobaki hutumika kujaza mitaa ya mchezo, maana mchezaji hapendi mji usio na watu. Havilipwi, lakini pia havipigwi. Kila mtoto alibonyeza kitufe cha kukubali kabla ya kuvaa miwani.

“Vigezo na masharti, mama,” alisema.

“Mwanangu hata kamba za viatu hajui kufunga. Nyinyi mkamfunga kwa masharti?”

Meneja alisikitika naye. Aliongeza kwamba kesho saa sita mchana mchezo ungesasishwa, na baada ya hapo chochote kilichomo ndani kingekuwa mali ya mchezo moja kwa moja.

Mama alirudi nyumbani, akapiga magoti kando ya cherehani, akamwomba Mungu aliyemuumba mtoto pamoja na kivuli chake avirudishe vyote viwili mahali pamoja. Aliomba taratibu, bila kulia. Aliponyanyuka alimwambia Chiriku kwamba sala inahitaji miguu, na miguu ya sala hii ni yeye.

Alijua anachosema. Chiriku alikuwa mdukuzi. Udukuzi aliuokota katika madarasa ya jioni ya kompyuta, akiketi nyuma ya watu wazima waliokuwa wakijifunza kuandika barua. Alikwisha kugundua kwamba mchezo ule ulikuwa na mlango mdogo wa mafundi, na kwamba neno lake la siri lilikuwa jina la mchezo wenyewe. Wajengao malango makubwa husahau vijilango.

Ijumaa asubuhi alipanda ukumbini, akavaa miwani, akauingia mlango huo.

Ndani, wachezaji walipita katika dereya, nguo za chuma za vitani, zinazong’aa. Kando ya kuta walikuwapo wale wengine, vivuli vya watoto, vikifagia, vikibeba, vikisimama kwa makundi kuwapigia makofi washindi. Jua la mji huo halikusogea, kwa hiyo vivuli vyote vilikuwa na urefu mmoja, na kivuli hakina sura. Chiriku alitafuta kitanzi. Kila shati alilolishona, mama alitia kitanzi cha utepe nyuma ya ukosi, ili litundikwe msumarini, na kitanzi cha Bosi kilikuwa daima kimesimama shingoni kama sikio. Alipoona kivuli chenye kitanzi kikifagia karibu na kisima, hakusubiri. Alikishika mkono. Kilikuwa baridi kama sakafu ya asubuhi. Alikikunja mara nne kama shuka, akakitia kwapani, akatoka. Nyuma yake mlango ulijifunga kabisa, na ujumbe ukatokea kumshukuru kwa kusaidia kugundua hitilafu.

Nyumbani mama alikitandaza mezani, akakipitisha pasi ya uvuguvugu, akakibana kwenye visigino vya Bosi kwa uzi mweusi. Bosi akaketi. Kivuli kikasimama. Bosi akasimama. Kivuli kikaanza kuruka kamba.

Mama alikitazama kile kitanzi.

“Ushonaji ni wangu,” alisema. “Lakini watoto wa mtaa mzima nawashonea mimi.”

Saa sita ilikuwa imekwisha kupita. Mrukaji kamba hodari mtaani alikuwa Tiara, binti wa fundi viatu, ambaye siku hizo alishinda amejifunika blanketi.

“Kiache, Mama,” Chiriku alisema. “Kitamzoea.”

“Kitu cha watu hakizoei, mwanangu.”

“Kinanivuta,” Bosi alisema. “Kinataka kwenda kwao.”

Mama alifumua uzi, mshono kwa mshono, na midomo yake ikicheza kwa sala.

Fundi viatu alifanya kazi kibarazani, mkabala na ukumbi wa gemu, na binti yake aliketi karibu naye ndani ya blanketi. Mama alipokikunjua kivuli, kiliteleza chini mpaka miguuni pa Tiara, kikatulia. Tiara akapiga chafya, akatupa blanketi. Baba yake alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja ndipo akapata kusema.

“Mama Chiriku, nikupe nini?”

“Dua, Baba Tiara.”

Meneja alikuwa ameshuka kuwafungulia geti wachezaji wa jioni. Aliwasalimu wote kwa adabu, akampongeza Tiara. Watoto waliokuwa kwenye foleni walianza kupanda ngazi, vivuli vyao vikipanda nyuma yao.

“Kivuli cha Bosi nilikuwa nacho kule ndani,” Tiara alisema. “Kimepewa kazi ya kupiga makofi. Kinapiga ovyo, makusudi.”

Bosi alitabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo, huku meno yakigongana kwa baridi.

Chiriku akaenda kusimama upande wa jua, kivuli chake kikamwangukia mdogo wake mzimamzima. Akamtazama mama, akamtazama fundi viatu, akamtazama meneja mpaka alipoacha kuhangaika na funguo.

“Mnanisikia wote,” alisema. “Nitautafuta mlango mwingine. Na mpaka siku hiyo, mdogo wangu, utatembea ndani ya changu.”