Aliyeitupa Biblia

Jumamosi asubuhi, baada ya miezi saba ya kuishi na mkewe kama wapangaji wawili wasiopatana, fundi umeme alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea na kumwita mkewe "mpenzi."

Mke hakuinua hata kichwa. Alishona ukosi wa shati la shule mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akamgeukia mama mkwe wake aliyekuwa dirishani akichambua vifungo.

"Mama, muulize mwanao anataka nini."

"Si amekusikia? Mimi si simu," bibi akajibu. Lakini akauliza, maana alishazoea. "Haya, unataka nini?"

"Mchungaji anakuja saa kumi," mume alisema, mkono sikioni. "Mnajua utaratibu. Huwi mzee wa kanisa mpaka aje awaulize unaoishi nao. Nawaombeni msiniangushe. Semeni tu tunaishi kwa amani. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

"Mama, mwambie ni yeye aliyeyabeba akayapeleka kanisani. Tena kwenye maikrofoni."

Bibi alipeleka na hilo, neno kwa neno, na cherehani ikaanza tena kunguruma.

Vipaza sauti vya kanisa alikuwa amevifunga mume mwenyewe, na ukimwona anavyoigonga maikrofoni kwa kidole kabla ya kusema, unajua kabisa mtu huyu amefika anapopapenda. Miezi saba nyuma alisimama pale akasimulia habari za mtoto wao wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Alisema siku ya mazishi mkewe alizidiwa na majonzi, akaichukua Biblia na kuivurumisha dirishani, ikatua kwenye tope. Yeye, machozi yakimtoka, akatoka kwenye mvua, akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akapiga magoti kumwombea mke aliyekufuru. Kanisa zima lililia. Tangu siku hiyo hawakumwita tena fundi, walimwita Ushuhuda.

Ulikuwa ushuhuda mzuri, wala haukuwa na kasoro ila moja. Aliyeitupa Biblia ni yeye. Aliyetoka kwenye mvua ni mkewe, amejishika tumbo, mshono wa upasuaji haujakauka. Bibi wakati huo alikuwa bado hajahamia kwao, kwa hiyo mashahidi walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye aliyekuwa ameshika maikrofoni.

Basi wateja wakaanza kuja na maombi yao. Mama mmoja, tepu ya kupimia ikiwa bado kiunoni, alimwekea mkono kichwani na kukemea roho ya uasi, halafu akaomba gauni lisimbane mgongoni. Mke aliyameza hayo. Kumwaibisha mumewe mbele za watu hakutaka, kumsamehe hakuweza, akaona bora amnyime maneno. Alimchukia. Kila mwezi alishiriki Meza ya Bwana kwenye benchi moja na mtu asiyempa hata salamu, na alijua vizuri kwamba huo nao ni uongo, ila wake hauna maikrofoni.

Saa kumi juu ya alama mchungaji aliketi kwenye kochi, daftari gotini. Alianza na bibi.

"Mama, huyu mwanao ni mtu wa namna gani humu ndani?"

Bibi akafikiri. "Anakula vizuri," akasema.

Mchungaji alikohoa kidogo, kisha akamgeukia mke. "Na wewe, dada? Mnaishije?"

Mume alimtazama mkewe kwa macho ya kusihi. Mke aliona, na kuona huko kukamzidishia hasira.

"Hatuongei, Mchungaji. Mwezi wa saba huu. Niliyeacha ni mimi, na Meza ya Bwana nimekuwa nikishiriki hivyohivyo. Andika hilo kwanza, la kwangu."

Aliingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Akakifungua mezani. Ilikuwa Biblia iliyovimba kwa maji, kurasa zimegandana kwa udongo, jalada limechanika.

"Na hii aliitupa yeye. Mimi niliiokota."

"Unaona, Mchungaji?" mume akadakia, mkono ukapanda sikioni. "Bado hajapona. Ndiyo maana nasema tuzidi kumwombea."

"Toa mkono sikioni," bibi akasema. "Tangu utoto wako, ukidanganya unalishika hilohilo la kulia."

Mkono ulishuka.

"Tena nikuambie, Mchungaji," mke aliendelea. "Siku ile alimfokea Mungu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi niko kitandani, namsikiliza, nikasema moyoni, kumbe huyu mtu anaamini kweli. Huwezi kumfokea hivyo mtu unayedhani hayupo. Huyo wa siku ile mpe uzee wa kanisa hata leo, nitampigia makofi. Huyu wa maikrofoni simjui, wala simtaki humu ndani."

Mchungaji alifunga daftari bila kuandika kitu.

"Tuombe," alisema hatimaye. "Baba mwenye nyumba, tuongoze."

Mume alisimama na kufumba macho. "Baba mwingi wa rehema," akaanza kwa sauti yake ya kanisani, nene na ya kujiamini, "tunakushukuru kwa nafasi hii njema uliyotukutanisha, tukiwa wazima wa afya..." Hapo akafumbua macho, yakaiangukia ile Biblia mezani.

Akanyamaza. Walingoja. Aliposema tena, ile sauti ya kanisani haikuwepo.

"Siku tisa," alisema. "Ulitupatia siku tisa tu. Bora usingetupatia kabisa. Kitabu chako nilikitupa mimi, na unajua ni mimi. Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Nimesema uongo mbele ya watu wako ili wasije wakajua kwamba bado ninayo."

Akakwama. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mchungaji alifungua mdomo amsaidie kwa andiko, mke akainua mkono kumzuia. Hakuwa ametabasamu, wala uso wake haukuwa umelegea. Lakini alikuwa akimtazama mumewe moja kwa moja.

"Endelea," alisema.

Kwa mazoea, bibi alimgeukia mwanawe amfikishie neno hilo. Akaona limeshafika.