Vyombo Vilirudi Vimejaa

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata tone la maji, Twila Mullins alipanda mzani. Kwanza alivua kandambili, kisha saa, kisha hata zile hereni ndogo alizovaa tangu arusi yake. Alisimama, akatoa pumzi yote, maana hakuiamini hata pumzi, ndipo akatazama chini. Halafu alichukua penseli iliyofungwa kwa uzi ukutani, akaandika hesabu yake kwenye kalenda waliyopewa na wenye nyumba ya mazishi.

Alhamisi hiyo mzani ulisema ratli mia tatu na tisa. Hospitali ilitaka mia tatu na tano ifikapo Jumanne. Kwa siku tisa hakuwa ametafuna kitu. Alikunywa supu iliyochujwa, maziwa ya unga wa protini na maji, basi. Daktari alimweleza wazi kwamba ini lake lilipaswa kusinyaa ili apate njia ya kulifikia tumbo la chakula na kulipunguza. Akilikuta bado limevimba, atamshona na kumrudisha nyumbani kama alivyokuja.

Alikuwa ameandika tatu na sifuri, tisa bado, simu ilipolia.

"Bi Mullins? Mimi nesi wa upasuaji, nakupigia kutoka Ohio."

"Nimepungua," Twila alisema haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Zimebaki ratli nne tu."

"Hongera sana, dada. Lakini sipigi kwa ajili ya hilo. Mama yako alitupigia jana jioni. Anasema hataweza kuja nawe. Mgongo unamsumbua."

Twila alimalizia ile tisa kwenye kalenda.

"Unajua utaratibu wetu," nesi aliendelea kwa upole. "Lazima mtu mzima aje nawe, awepo ukiwa chumba cha upasuaji, alale nawe siku mbili karibu na hospitali, halafu akurudishe West Virginia. Bila mtu, hatukupasui. Nahitaji jina jingine leo kabla ya saa sita mchana. Nisipolipata, nafasi yako ya Jumanne nampa mwingine, na nyingine iliyo wazi ni ya Agosti."

Agosti. Kibali cha bima kilikuwa kinaisha mwisho wa Aprili. Kukipata kulimgharimu miezi sita ya kwenda kila mwezi kwa mtaalamu wa lishe, binti wa miaka ishirini na kitu aliyemfundisha Twila, mpishi wa shule, tofauti ya wanga na protini. Kikiisha, anaanza upya kama hajawahi kuanza.

"Nitakupigia," alisema.

Mgongo! Juzi tu mama yake alisogeza friji peke yake ili afagie nyuma yake. Na jana jioni, baada ya kupiga simu hiyo, Geneva Mullins aliketi kwenye kochi lake, akatazama mchezo wa bahati nasibu kwenye televisheni, akamuuliza bintiye kama anataka blanketi. Blanketi! Twila alimjibu, "Asante, mama."

Alikwenda kumtafuta jikoni. Hakuwepo. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kwenye sinki, kimeshapoa.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Bi Dreama Cline wa kanisani, amekumbatia chombo cha kioo kilichofunikwa foili, mvuke unampiga kidevuni.

"Nipokee mpenzi, kinaniunguza! Kuku na madonge ya unga, kama unavyopenda. Nimeweka siagi mara mbili, usimwambie daktari wangu."

Harufu ile iliingia ndani kabla ya mwenyewe. Twila alimeza mate.

"Bi Dreama, hiki ni cha nini?"

"Cha nini tena? Chako!" Dreama alijipitisha mpaka jikoni, akafungua friji. "Ee, naona Ruby alishaleta makaroni. Na pudini ya ndizi ya Wanda. Na mbona hamjagusa? Paja zima hili la nguruwe, Twila!"

Vyombo vinne vilikuwa vimepangwa humo tangu Jumatatu, kila kimoja kina utepe chini ulioandikwa jina la mwenyewe. Geneva alikuwa amemwambia bintiye kwamba ni masalio ya msiba wa mzee Harless.

"Mama alisema ni vya msiba."

"Msiba gani? Vya msiba vilirudishwa Jumamosi, niliviosha mimi." Dreama aligeuka, akamshika mkono. Macho yake yalikuwa mema kabisa, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. "Mwanangu, usione haya. Tunajua. Mama yako ameanzisha mnyororo wa maombi. Alimpigia Ruby, Ruby akanipigia mimi, mimi nikampigia Wanda na wale dada wawili wa kule mwisho wa bonde. Sasa hivi kanisa zima linakulilia kwa Bwana."

Twila aliketi. Kwa miezi sita alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mama yake. Alijua wanavyosema. Aliwasikia jikoni shuleni wakimsema Tamsin wa ofisini, kwamba aliona uvivu kufunga mdomo akaenda kufungwa tumbo. Twila mwenyewe alicheka siku ile, Mungu amsamehe, kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka, na aliyekaa kimya ndiye angetazamwa.

"Mnaniombea nini hasa?" aliuliza.

"Kama alivyotuomba mama yako."

"Aliomba nini?"

Dreama alianza kuikunja foili ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. "Kwamba Bwana akugeuze nia. Usiende." Kisha akaongeza haraka, "Nasi tukaona, mtu akipata chakula kizuri cha nyumbani, moyo unatulia. Huenda asione haja ya kukatwakatwa."

Basi ilikuwa hivyo. Walikuwa wamemzingira kwa siagi.

Twila hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mumewe alipomwacha alimsaidia kubeba masanduku. Akiletewa hotelini chakula asichoagiza, alikula kilicholetwa. Lakini sasa kitu kilimpanda kutoka tumboni, tumbo lilelile tupu la siku tisa, kikamfika kooni, na akatambua kwa mshangao kwamba si njaa.

"Mama yuko wapi?"

"Ukumbini kanisani. Si leo tunatengeneza mayai ya Pasaka?"

"Nisubiri kwenye gari lako," Twila alisema. "Hapana. Tangulia tu. Nakuja."

Alivitoa vyombo vyote kwenye friji, akavipanga sakafuni mwa gari upande wa abiria, cha kuku juu ya mkeka wa mpira ili kisiteleze. Aliendesha madirisha yote yakiwa wazi, maana harufu ile ilikuwa inamsemesha. Upepo wa Machi ulimpiga usoni, nao haukumpoza hata kidogo.

Ukumbi wa kanisa ulijaa joto la chokoleti. Wanawake kumi na mbili, wote wamevaa nyavu za nywele, walikuwa wakifinyanga mayai ya siagi ya karanga na kuyachovya kwenye sufuria ya chokoleti, kama kila mwaka kabla ya Pasaka. Mama yake ndiye aliyesimamia sufuria. Kazi hiyo haikupewa mtu mwingine, kwa sababu Geneva alichovya bila kudondosha.

Twila aliingia na chombo cha kwanza, akakitua mezani katikati ya mayai. Akatoka. Akarudi na cha pili. Alipoleta cha nne mazungumzo yalikuwa yamekwisha kabisa, na alipokitua cha tano kilisikika kioo tu kikigonga meza.

Kwao, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia japo mayai mawili au kipande cha keki. Lakini kukirudisha na chakula chake mwenyewe, hakijaguswa, ni jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika ukumbi ule.

"Hukuonja hata kidogo?" Wanda aliuliza, sauti imemkauka. Alikuwa anatazama pudini yake.

"Sikuonja, Bi Wanda. Nisingeweza. Natakiwa nisile mpaka Jumanne. Mama anajua. Mama aliwaambia mniombee nisiende, lakini naona hakuwaambia kwamba chakula kingenifukuzisha hospitali." Sauti yake ilitetemeka, akaichukia, akaendelea nayo hivyohivyo. "Au uliwaambia, mama?"

Geneva hakuinua macho. Alichovya yai. "Si mahali pake hapa, Twila. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulinipa blanketi."

"Mgongo wangu kweli unauma," Geneva alisema.

"Mgongo uliosogeza friji?"

"Ndio huo ulioumia!"

Ruby, aliyekuwa mwisho wa meza, alicheka bila kutaka, kisha akajifanya anatafuta kijiko.

"Saa sita," Twila alisema. "Saa sita wananifuta. Miezi sita, mama. Nimekwenda kwa yule binti mara sita nikapimwa kama ng'ombe wa mnada. Nimekunywa ule unga wenye ladha ya chaki. Nimepika piza za watoto mia tatu na sikulamba kidole. Na wewe ulikuwa unaona. Kila siku ulikuwa unaona."

"Mjomba wako Delmer alikwenda Ohio akarudi kwenye jeneza!"

"Mjomba Delmer alikuwa na moyo mbovu na ilikuwa miaka thelathini iliyopita! Usimlete Delmer hapa. Usimlete Mungu. Usimtume nesi, usimtume Bi Dreama na madonge. Kama una neno, sema wewe."

Chokoleti ilianza kuganda kwenye uma wa Geneva.

Hapo Bi Dreama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bado na funguo za gari mkononi, alisogea mbele. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Nitakupeleka mimi," alisema. "Sikujua mambo ya kutokula, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua. Nina gari zima na sina mtu wa kunisubiri. Mpe nesi jina langu."

Twila alimtazama yule mama aliyetia siagi mara mbili. Alitoa simu, akapiga palepale, mbele ya nyavu zote za nywele. Ililia mara mbili.

"Ni Twila Mullins," alisema. "Nimepata mtu."

"Vizuri sana! Nitajie jina, dada."

"Dreama," Twila alisema. "Dreama Cli—"

"Acha!"

Geneva alikuwa ameutupa uma. Uliingia ndani ya sufuria na kuzama. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue alikuwa amedondosha, tena matone yalikuwa yamemrukia kifuani, naye hakuyafuta.

"Dreama hana haki ya kukaa pale! Mimi ndiye mama yako."

"Basi njoo!"

"Siwezi!" Aliegemea meza kwa mikono miwili, mwili wake mkubwa ukihema, mkubwa kama wa bintiye na zaidi. "Siwezi kukupeleka kwa mikono yangu halafu nikurudishe ukiwa umekonda. Utakuwa unakula kijiko kimoja na kusukuma sahani. Na mimi je? Nitakuwa nimekaa ng'ambo ya meza na sahani yangu imejaa, na wewe unanitazama. Dukani wananitazama. Kwa daktari wananitazama. Mtu pekee ambaye sijawahi kuona aibu kula mbele yake ni wewe. Sitaki unione ninakula, Twila. Ndiyo hivyo. Nimesema. Sitaki unione."

Simuni nesi aliuliza, kwa mbali, kama Twila bado yupo.

Twila alitarajia hasira zimwishe. Ndivyo huwa kwake. Mtu akilia mbele yake, yeye ndiye huomba radhi. Safari hii hazikuisha. Zilizidi, ila sasa zilikuwa na mahali pa kusimama.

"Unajua baba alipokufa nilifanya nini?" alisema. "Nilianza kula chakula cha jioni mara mbili. Nilikuwa nakula shuleni, nashiba, halafu narudi nakukuta umepakua sahani mbili, moja yangu, moja yako, na kiti chake kitupu. Sikuwahi kukwambia nimeshiba. Hata mara moja. Miaka kumi na moja, mama. Nilikula viazi nisivyovitaka, nikala keki mpaka mbavu zikauma, kwa sababu sikuweza kukuacha ukae pale mezani peke yako."

Geneva alianza kufuta matone ya chokoleti kifuani.

"Nimekasirika," Twila alisema, na neno hilo lilimtoka kwa uzito kama kitu alichokuwa amekibeba mikononi. "Nimekukasirikia sana, na huenda Jumanne nitakuwa bado. Sitaki dereva. Bi Dreama, nisamehe, una moyo mzuri, lakini si wewe niliyemtaka. Nilikaa nawe ulipokuwa unakula, mama. Miaka yote hiyo nilikaa. Sasa na wewe njoo ukae nami nisipokula." Akamnyooshea simu ampe nesi jina.