Jina Lililokuwa Kwenye Karatasi

Millard Fillmore alipofariki, Machi ya mwaka 1874, mji wa Buffalo ulijifunga vitambaa vyeusi kuanzia bandarini hadi makaburini. Kwingineko Marekani watu walishangaa kusikia kwamba alikuwa hai muda wote huo. Lakini pale Buffalo alikuwa mtu wao. Hadi wakati huo ndiye rais pekee ambaye mji ule uliwahi kuipa nchi, na chama chake kilipomtupa baada ya miaka michache ya urais, alirudi kuishi nao katika mji aliokwisha kuusaidia kuanzisha chuo kikuu, akasaidia kuanzisha na hospitali, na akawa akiinua kofia kumsalimia kila aliyepishana naye njiani.

Siku mbili kabla ya mazishi, Bwana Hosea Wadhams, mwuza jibini aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, alimfuata Mwalimu Lovina Scoville darasani, theluji ikiwa bado imemganda kwenye viatu.

"Mwalimu, tumekubaliana wewe ndiye utakayesema kwenye kumbukumbu ya Rais. Jumamosi, hapahapa shuleni. Wazazi wote watakuja."

"Kwa nini mimi? Mchungaji yupo."

"Mchungaji akianza leo, hatujui atamaliza wiki gani. Wewe habari za marehemu umezihifadhi. Binti yangu kule nyumbani ukimgusa tu anakumwagia: alizaliwa katika kibanda cha magogo, akapelekwa kwa fundi wa sufu, akanunua kamusi! Hata mke wangu sasa anazijua."

Lovina alicheka kidogo, akakubali. Angekataaje? Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa amewafundisha watoto wa mtaa ule maisha ya Fillmore. Aliwasimulia jinsi kijana maskini alivyokuwa akisoma kamusi yake huku mashine za sufu zikizunguka, na jinsi alivyofundishwa na mwalimu wa kike ambaye hakumpita sana umri, hata baadaye akamwoa. Hapo wasichana walipapenda. Kisha Lovina alikuwa akisema, "Akawa rais. Halafu akarudi nyumbani." Katikati ya sentensi hizo mbili kulikuwa na sheria moja, na kila mwaka Lovina aliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa amevaa viatu vipya.

Sheria yenyewe Fillmore aliitia sahihi Septemba ya 1850. Ilisema kwamba mtumwa aliyetoroka Kusini akakimbilia Kaskazini ni lazima arudishwe kwa bwana wake, na kila raia anapaswa kusaidia kumkamata. Anayemficha atatozwa faini na kufungwa. Fillmore alisema hakuipenda, ila alitaka nchi isipasuke. Nchi ilipasuka hata hivyo.

Wakati huo Lovina alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameanza kazi ya ualimu, anakaa na baba yake. Nguo zao zilifuliwa na Dorcas Freeland, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru hapohapo Buffalo. Mumewe, Elam, alikuwa mpishi kwenye meli ya ziwani. Meli ikiwa bandarini, ni yeye aliyebeba kapu la nguo hadi mlangoni kwao, mikono ya shati ameikunja, na Lovina aliliona kovu kubwa la moto kwenye mkono wake wa kushoto.

Asubuhi moja ya Aprili 1851, wanaume wawili wenye kofia zilizopigwa brashi vizuri walibisha hodi. Baba alikuwa ametoka. Mmoja wao alitoa karatasi.

"Wewe ndiye mwalimu? Basi huhitaji kusomewa. Soma mwenyewe, binti."

Karatasi ilisema kwamba mtu aitwaye Gideon, mwenye miaka thelathini hivi, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, ni mali ya Amos Tolliver wa Kivuko cha Tolliver, jimbo la Kentucky. Lovina aliisoma mara mbili. Alijua mara moja ni nani. Na alijua pia kwamba angeweza kusema "simjui" na wale watu wangeshukuru, wakaenda nyumba nyingine.

Hawakumtisha. Hawakumwahidi chochote. Walimngoja tu, kama mkaguzi anavyomngoja mwanafunzi hodari, naye akajibu kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Nyuma ya kiwanda cha kamba. Nyumba ya tatu, mlango wa buluu."

"Rais wetu angejivunia wewe," yule mtu alisema, akakunja karatasi yake.

Elam alikamatwa kabla ya saa nne asubuhi. Hawakumpeleka mbele ya hakimu yeyote. Adhuhuri alikuwa tayari ndani ya meli, mikono imefungwa, na hakuna aliyejua ni wapi anakopelekwa, hata mkewe. Elam alikuwa amemficha Dorcas jina lake la zamani na mahali alikotoroka, akisema asichokijua hakuna atakayeweza kumpiga mpaka akitaje. Wiki ileile Dorcas, mwenye mimba ya miezi saba, alivuka mto kwenda Kanada. Mtoto alizaliwa huko, akaishi miezi minne.

Lovina hakumweleza mtu. Alijiambia kwamba sheria ni sheria. Baadaye, vita vilipokuja na watumwa wakaachwa huru, alijiambia kwamba yamepita.

Lakini mwaka 1867 Dorcas alirudi Buffalo. Alipanga chumba mtaa wa pili, akaanza tena kufua. Jumatatu ya kwanza alipokuja kuchukua nguo, alisimama jikoni kwa Lovina akipangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mwalimu, nina ombi. Mimi kuandika sijui. Kanisani wanatuma matangazo Kusini, ya watu wanaotafutana. Yanasomwa makanisani kote huko. Unaweza kuniandikia?"

"Naweza, Dorcas."

"Andika: Elam Freeland, mpishi wa meli, alichukuliwa Buffalo mwaka hamsini na moja. Mkewe yupo, anamngoja."

Lovina aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na siku ile aliuandika kwa uangalifu zaidi. Huku kalamu ikienda, alijua kwamba kule Kentucky hakuna mtu aliyewahi kumsikia Elam Freeland. Kule aliitwa Gideon. Neno moja tu, na mahali. Alifungua kinywa, akauliza, "Niongeze tarehe?"

Mwaka uliofuata Dorcas alikuja tena, na uliofuata, na uliofuata. Lovina aliandika matangazo saba. Kila mara Dorcas alimletea kitu: mayai, kola iliyopigwa pasi, mara moja mkate wa tangawizi uliokuwa bado wa moto. Na kila mara Lovina alivila au akavivaa.

Basi Jumamosi ilifika. Shule ilijaa. Bwana Wadhams alikaa mbele na wanakamati wenzake, tumbo limejaa kwenye kizibao cha suti. Dorcas naye alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango. Ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vyeusi vya ukutani, na alikuwa akingoja shughuli iishe avichukue.

Lovina alisimama akasema kibanda cha magogo, akasema sufu, akasema kamusi. Wazazi walitikisa vichwa kwa kuridhika, na watoto wengine walitamka maneno pamoja naye kimyakimya. Akafika palepale. "Akawa rais," alisema. Sentensi ya pili haikuja.

Watu walidhani amezidiwa na majonzi. Mama mmoja alitoa leso.

"Akawa rais, na akatia sahihi sheria ya kurudisha watumwa waliotoroka," Lovina alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea na meza. "Sijawahi kuwafundisha watoto wenu hilo. Mimi niliitii. Walikuja watu wawili nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyewaonyesha mlango wa Elam Freeland."

"Mwalimu," Bwana Wadhams alinong'ona, "umechoka. Keti."

"Karatasi yao niliisoma. Jina lake lilikuwa Gideon. Alipelekwa Kivuko cha Tolliver, Kentucky. Nimelijua hilo miaka ishirini na mitatu."

Sauti ya mwanamume ikatoka katikati ya viti. "Ilikuwa sheria, jamani! Kosa lake liko wapi?" Wengine wakaitikia ndiyo, ndiyo.

Dorcas alikuja mbele kwa njia ya katikati. Hakuwa na haraka. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Lovina.

"Rudia jina."

"Gideon."

"Na mahali."

"Kivuko cha Tolliver."

Dorcas alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuupima uzito wake, akageuka akatoka. Vitambaa vyeusi alivibakiza ukutani.

Kesho yake baada ya ibada Lovina alikwenda kwake. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima. Dorcas alifungua mlango, akabaki kasimama pale pale mlangoni.

"Nimekuja kuomba..."

"Usiombe. Nikijibu sikusamehe, utaenda nyumbani ukalie. Nikijibu nimekusamehe, utalala vizuri. Mimi nitapata nini?"

Lovina alirudi nyuma hatua moja.

"Miaka saba nimeingia jikoni kwako," Dorcas alisema. "Tulikuwa wawili tu. Ungeniambia pale. Umengoja mpaka kuna watu mia, ili nisiweze kukuzaba kofi. Na leo kanisani kila mtu ananitazama mimi. Wewe wanakuonea huruma, mimi wananitazama."

Ilikuwa kweli. Tangu jana yake watu watatu walikuwa wamemshika Lovina mkono na kumwambia ana moyo safi. Bwana Wadhams alimtumia kipande cha jibini. Lovina alitamani wangemtukana. Aliona sasa kwamba hata kule kukiri alikuwa amejichagulia mahali ambapo pangemuumiza kidogo tu.

"Mkate wangu wa tangawizi uliula?" Dorcas aliuliza ghafla.

"Niliula."

"Wote?"

"Wote."

 Dorcas alisogea kando ya mlango. "Ingia. Kalamu iko pale. Andika barua, na safari hii andika jina lake."

Barua ilikwenda kwa mchungaji yeyote wa kanisa la watu Weusi karibu na Kivuko cha Tolliver. Aprili ilipita bila jibu. Jibu lilifika katikati ya Mei, na Dorcas alikuja nalo hadi shuleni, watoto wakiwa wameshaondoka. Bahasha haikuwa imefunguliwa.

"Ningeweza kumpa mtu mwingine anisomee," alisema. "Lakini utasoma wewe."

Lovina alisoma kwa sauti. Mchungaji aliandika kwamba yeye alimfahamu Gideon vizuri sana. Alirudishwa mwaka ule wa hamsini na moja, akapigwa, na mguu mmoja haukupona sawasawa. Baada ya vita alibaki palepale kwa sababu ya mguu, akawa akipika kwenye kivuko. Aliwahi kuwaomba watu wamwandikie barua mbili kwenda Buffalo, kwa nyumba yenye mlango wa buluu, zikarudi. Alipenda kusimulia habari za ziwa na za mke aliyekuwa na ulimi mkali. Alifariki Februari ya 1871 kwa homa ya mapafu, na kaburi lake liko upande wa mashariki wa kanisa.

Lovina alimaliza, akaiweka barua juu ya meza. Tangazo la kwanza aliliandika mwaka 1867. Hakuhitaji kuhesabu kwa vidole, na aliona kwamba Dorcas naye hahitaji.

"Minne," Dorcas alisema. "Alikuwepo miaka minne."

"Ndiyo."

"Ningemfikia kwa treni."

"Ndiyo, Dorcas."

"Ulimi mkali," Dorcas alisema, nusura acheke. Alikunja barua, akaitia kifuani, akashikilia meza kwa mkono mmoja hadi pumzi zilipotulia. Lovina alinyoosha mkono kumshika kiwiko. Dorcas aliutazama ule mkono tu, na Lovina akaurudisha.

Juni Dorcas aliuza pasi zake na beseni zake na kupanda treni ya kwenda Kentucky. Alisema anakwenda kukaa na watu waliokula chakula cha mume wake. Lovina alikwenda stesheni, akasimama nyuma ya mikokoteni ya mizigo. Dorcas alimwona. Hakupunga wala hakugeuza uso. Alimtazama kama unavyotazama nyumba uliyowahi kupanga, kisha akapanda, na Lovina hakumwona tena.

Kamati haikumfukuza kazi. Bwana Wadhams alimwambia asahau, kwamba kila mtu angefanya vilevile, na Lovina alijibu kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi. Wazazi wawili walihamisha watoto wao. Alifundisha miaka kumi na mmoja zaidi.

Vuli ile, somo la marais lilipofika, alilieleza lote: kamusi, sufu, mke mwalimu, chuo kikuu, na sheria, kwa mpangilio wake. Msichana mmoja wa mstari wa pili, mwenye nywele zilizosukwa kwa utepe, aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo alikuwa mtu mwema au mbaya?"

"Alikuwa mpole sana," Lovina alisema. "Alitusalimia wote. Na alitia sahihi."

"Na hapa Buffalo watu waliitii?"

 Baadhi ya wanafunzi walikwisha kusikia nyumbani, na wakainamia vibao vyao, wakiona aibu kwa niaba yake.

"Mimi niliitii," Lovina alisema. Uso ulimwaka hadi masikioni, kama ambavyo ungewaka kila mwaka baada ya hapo, swali lile lilipoulizwa, na alipoona halikuulizwa alijiuliza mwenyewe mbele yao. Kisha akawaambia jina la yule mtu, majina yote mawili, na akangoja mpaka wote wamalize kuandika.